Upepo wa tairi la pikipiki: wa kibandiko, wa kushusha au wa kupandisha? Tulinganishe

Wakuu, hili swali haliishi kijiweni, mbele niweke ngapi na nyuma niweke ngapi, yaani psi, kile kipimo cha upepo kwenye geji. Mmoja atakwambia weka 30 kote maliza kazi, mwingine atakwambia nyuma piga 40 hutaona pancha, mwingine anainama anabonyeza tairi kwa kidole gumba anasema liko poa twende. Kila mmoja ana sababu yake, na mimi karibu zote nimeshazifuata kwa wakati wake, maana miaka tisa sasa niko juu ya pikipiki hapa Morogoro, mitano ya kwanza nilikuwa nabeba abiria Msamvu na Kihonda, hii mingine nashusha mboga kutoka Mgeta, kule milimani. Lami naijua na mawe nayajua.

Ninazozungumzia ni hizi pikipiki zetu za kazi, cc 100 mpaka 150, Boxer, TVS na ndugu zao, zenye ringi za 17, tairi la mbele 2.75 na la nyuma 3.00, na ndani kuna tyubu. Kama una pikipiki kubwa au tubeless mantiki ni ileile ila namba usichukue zangu, soma za kwako.

Kabla ya kulinganisha tukubaliane kwanza tunapimaje, maana bila hapo tutabishana bure. Upepo unapimwa tairi likiwa la baridi, yaani asubuhi kabla hujatoka au pikipiki ikiwa imelala masaa matatu hivi kivulini. Tairi likitembea linapata joto, upepo ndani unapanda, 32 ya asubuhi saa nane mchana inaweza kusoma 35 na hakuna aliyeongeza kitu. Sasa mtu anapima pale, anaona zimezidi, anapunguza mpaka 32, kesho asubuhi ana 29 halafu anasema tyubu inavuja. Joto la hewa peke yake nalo linacheza, kila nyuzi 5 au 6 ni kama psi 1, kwa hiyo ukijaza mchana wa jua kali halafu ukaenda kulala juu mlimani kwenye baridi usishangae ukiamka geji inasoma chini.

Na geji iwe yako. Ile ndogo ya kalamu inatosha, inakaa mfukoni. Geji za kwenye kompresa nyingi zimeshachoka, zinadondoshwa chini kutwa nzima, leo utaambiwa 30 hapa, ukivuka barabara ng'ambo inasoma 26. Kidole gumba ndio kabisa. Kuna siku jamaa alinibonyezea tairi la nyuma akasema liko safi, mi mwenyewe nikabonyeza nikaona kweli gumu, nikachomeka geji nikakuta 17. Limebaki kidogo likae kwenye ringi na kidole hakikusema kitu! Tairi la pikipiki ukuta wake ni mgumu wenyewe, kidole kitakujulisha tu likiwa limeisha kabisa.

Namba pia zinachanganya watu maana vibandiko vya kiwandani vya upepo haviandiki psi vyote. Ukikuta kPa, 175 ni kama 25 psi, 200 ni 29, 225 ni 33. Ukikuta kilo kwa sentimita ya mraba, 1.75 ni 25, 2.0 ni 28 na 2.25 ni 32. Hapa chini natumia psi tu.

Vigezo nilivyochukua ni vitano. Kushika barabara na breki, kubeba uzito, usalama wa tyubu na ringi, tairi na mafuta vinaishaje, na cha mwisho mwili wako na shokapu. Kushika barabara nimekiweka juu kwa makusudi, hivyo vingine vinalipika kwa hela.

UPEPO WA KIBANDIKO

Huu ni ule uliopangwa kiwandani. Kibandiko kinakuwa kwenye kava la cheni au kwenye ule mkono unaoshika tairi la nyuma, kikiwa kimebanduka angalia kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki za saizi hii namba huwa zinazunguka 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 au 33 ukiwa na abiria. Watu wanashangaa kwa nini mbele haibadiliki, ni kwa sababu abiria amekaa karibu juu kabisa ya tairi la nyuma, uzito wake karibu wote unashukia pale, la mbele halisikii sana. Ndio maana yule wa 30 kote amekosea pande zote mbili, mbele amezidisha na nyuma akibeba mtu amepunguza.

Kushika barabara, kwenye lami kavu na ya mvua huu ndio unatulia zaidi, tairi linagusa chini kwa upana wake uliopangwa, breki ya mbele ukiishika inauma bila kuteleza. Barabara ya vumbi iliyoshindiliwa nayo inaenda vizuri. Ukiingia kwenye mchanga wa kina au mawe yaliyolegea hapo unaanza kuusikia kuwa mgumu kidogo, tairi la mbele linatafuta njia lenyewe.

Uzito: dereva na abiria mmoja. Basi. Kibandiko hakikuhesabu mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, wala gunia mbili za mkaa. Tyubu na ringi ziko salama ukipita mashimo ya kawaida kwa mwendo wa kawaida. Tairi linaisha sawasawa katikati na pembeni, na mafuta hayalalamiki. Mwili hauchoki.

Tatizo lake kubwa ni la kimaisha, wa bodaboda hawezi kushuka kila akipata abiria aongeze 4 halafu akimshusha atoe 4. Mi nilichokuwa nafanya naweka nyuma ile ya abiria tangu asubuhi, siku nzima. Ukirudi kituoni peke yako nyuma itakuwa ngumu kidogo lakini hiyo haina madhara, kuliko kukaa na 28 halafu upakie mtu wa kilo 90 na begi lake.

Unamfaa nani? Wa mjini wa lami, anayeenda kazini na kurudi, wa bodaboda wa abiria, na anayejifunza. Pia anayesafiri safari ndefu ya lami, Moro kwenda Dodoma labda, huyo namuomba sana asicheze na kitu kingine.

UPEPO WA KUSHUSHA

Hapa mtu anatoa, mbele 18 mpaka 20, nyuma 22 mpaka 24. Anayefanya hivi mara nyingi ni wa porini, wa mchanga, wa tope, na sisi wa milimani.

Na kwenye kushika barabara kule kwao wana haki kabisa. Tairi likilegea linalala chini, linagusa eneo refu zaidi, linayakumbatia mawe badala ya kuruka juu yake, kwenye mchanga linaelea halizami. Ukishaacha lami pale Sangasanga ukaanza kupanda Mgeta utaelewa, kuna vipande vya mlima vyenye mawe ambavyo ukiwa na upepo mwingi tairi la nyuma linazunguka tu linarusha kokoto, ukitoa psi nne linapanda. Sio imani hiyo, jaribu mwenyewe.

Lakini rudi nalo kwenye lami sasa. Usukani unakuwa mzito, kwenye kona pikipiki inayumba kama inaogelea, ukifunga breki kwa nguvu tairi linajikunja. Na joto, hili watu hawalijui, ukuta wa tairi unakunjika na kunyooka kila mzunguko na ule mkunjo ndio joto lenyewe, kwa mwendo wa 70 au 80 ukiwa na mzigo tairi linachemka mpaka nyuzi za ndani zinaanza kuachana. Ukiona ukuta wa tairi una mipasuko midogo midogo ya kuzunguka duara, hilo limetembea na upepo mdogo muda mrefu.

Uzito ndipo linaposhindwa kabisa. Tairi halibebi mzigo, kinachobeba ni upepo. Angalia ubavuni mwa tairi la nyuma, ukikuta imeandikwa 50P, ile 50 ni kilo 190 na P ni mwendo wa mwisho kilomita 150 kwa saa, lakini hizo kilo 190 unazipata tairi likiwa na upepo wa juu ulioandikwa palepale ubavuni. Ukilijaza nusu ya upepo usitegemee kilo zilezile.

Tyubu na ringi, hapa niseme kwa urefu kidogo maana nililipia. Likiwa na upepo mdogo ukagonga jiwe, tairi linabonyea mpaka tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi, inatoboka matundu mawili yaliyokaa jirani, fundi pancha akikutolea tyubu ukaona matundu mawili sambamba ujue hakuna msumari hapo, ni upepo wako. Ringi nayo inapinda au spoku zinakatika. Na kuna hili lingine, tairi lililolegea linateleza juu ya ringi kila unapovuta moto au kufunga breki, linasogea taratibu na tyubu inasogea nalo, ila nipeli, ule mdomo wa tyubu wa kujazia upepo, haiwezi kusogea kwa sababu iko kwenye tundu la ringi, kwa hiyo inavutwa inainama mpaka inachanika shinani. Mimi nilipanda Mgeta na 20 nyuma, nikapakia kabichi, nikasahau kujaza kabla ya kushuka, nimefika lami nimefurahi barabara nzuri nikafungua moto. Mbele kidogo nyuma ikaanza kucheza, nikasimama kwa shida sana, nipeli imekatika kama imekatwa na wembe. Nipeli iliyochanika shinani haizibiki kwa kiraka, ni tyubu mpya, na hapo niko jua kali na kabichi zinanyauka. Toka siku hiyo kila asubuhi naangalia kwanza nipeli, ikiwa imeinama upande mmoja natoa upepo wote, narudisha tairi mahali pake kisha najaza upya.

Tairi linaisha mabega, katikati linabaki. Mafuta yanaenda zaidi, pikipiki inavutwa chini kama ina breki. Mwili ndio unafurahi, hapo sina ubishi, mgongo unapumzika kweli.

Unamfaa nani? Anayetembea mwendo mdogo kwenye ardhi mbaya, bila mzigo mkubwa, na ana pampu ya kurudishia. Hiyo pampu naiona ni sehemu ya chaguo lenyewe, kama huna basi njia hii sio yako. Na hata kule usishuke chini ya 18 kwa tairi la tyubu.

UPEPO WA KUPANDISHA

Nyuma 36 mpaka 40, mbele 30 mpaka 35. Huu ndio unapendwa sana vijiweni na nadhani unapendwa kwa sababu mbili, moja ya kweli na moja ya uongo. Ya uongo ni kwamba unazuia pancha. Unazuia ile pancha ya kubanwa na ringi tu, msumari na mwiba wa mgunga havihesabu psi. Ya kweli ni mzigo. Anayebeba gunia la mkaa, kreti za soda au saruji hawezi kukaa na 32 tairi likajikunja chini, lazima aongeze, na ubavuni mwa tairi kuna kiwango cha mwisho ambacho hutakiwi kuvuka. Watu wanasoma namba ile wanafikiri ndio inayotakiwa, hapana jamani, ule ni ukomo, kama ile alama ya mwisho kwenye kikombe cha kupimia.

Kushika barabara: kwenye lami kavu na mzigo mzito sawa, uzito unalilaza tairi mpaka linagusa vizuri. Shusha mzigo sasa urudi mtupu na 40. Tairi limevimba katikati, kinachogusa chini ni kamstari kembamba. Kihonda mvua imenyesha kidogo tu, barabara ya changarawe, nilikuwa na 40 nyuma kwa sababu asubuhi nilibeba mzigo na sikupunguza, nimembeba mama mmoja anatoka sokoni, nimefunga breki kumkwepa mbuzi, nyuma ikaondoka upande kama imepakwa sabuni. Tulianguka taratibu, yule mama alichubuka goti na nyanya zake zikamwagika, akaniambia mwanangu pole wewe umeumia? Yaani aliniuliza mimi. Hilo goti nalikumbuka kila nikishika geji.

La mbele kulipandisha mpaka 35 sioni sababu hata moja kwa kweli, mzigo hauko kule. Linadunda kwenye matuta, breki ya mbele inapoteza shika kwenye mvua, mikono inakufa ganzi.

Tyubu haibanwi, hilo ni zuri. Ringi hazipindi kwa urahisi ila mtikisiko wote unaenda kwenye spoku, zinalegea, na shokapu zinavuja mapema, beringi za usukani nazo. Tairi linaisha katikati linatengeneza bapa, unalitupa wakati mabega bado mapya. Mafuta unaokoa kidogo kwa sababu pikipiki inateleza mbele kirahisi, sikatai, lakini weka hiyo nafuu upande mmoja na bei ya tairi la nyuma upande mwingine halafu piga hesabu mwenyewe. Mwili, kwenye barabara za vumbi zile zenye mawimbi mawimbi utashuka jioni figo zinauma.

Unamfaa nani? Anayebeba mzigo mzito kweli, kwa lami au barabara nzuri, siku nzima, na tairi lake ni zima lina uwezo ulioandikwa ubavuni. Na apandishe la nyuma tu.

TUKIZIWEKA PAMOJA

Kwenye lami ya mvua kibandiko kinashinda, kushusha na kupandisha zote zinateleza ila kwa namna tofauti, ya kushusha inayumba kwanza unapata onyo, ya kupandisha inaondoka ghafla. Kwenye mchanga na mawe kushusha kunaongoza, kibandiko kinafuata, kupandisha ni adhabu. Kwenye mzigo mzito mpangilio unageuka kabisa. Kwa tyubu wa hatari ni kushusha, kwa spoku na shokapu wa hatari ni kupandisha. Kwa hela ya tairi kibandiko kinadumu zaidi ya wote wawili.

SASA CHAGUA KWA HALI YAKO

Una bodaboda ya abiria mjini: 25 mbele, 32 nyuma, asubuhi tairi la baridi, basi usiguse tena mpaka kesho. Kama pikipiki ni ya bosi na inaingia kwa madereva wawili, kubalianeni namba moja, maana mmoja akijaza 40 na mwenzake akitoa hamtajua nani amemaliza tairi.

Unaenda nayo kazini peke yako, jioni unampakia mwenzio: kama ni kila siku acha ile ya abiria nyuma. Kama ni mara moja moja, 28, na siku ya kumpakia uongeze.

Mzigo mzito: anza na namba ya abiria, ongeza nyuma 2 mpaka 4 kadiri mzigo unavyokua, usivuke iliyoandikwa ubavuni, na ukishusha mzigo ukawa unarudi mtupu kwenye vumbi au mvua simama utoe. Dakika mbili tu. Mzigo ukiwa mkubwa kiasi cha kuhitaji zaidi ya ukomo wa tairi, hapo gawa safari mbili.

Unakaa kwenye barabara ya mchanga na vumbi halafu lami kidogo: mimi ningekaa karibu na kibandiko, labda 23 mbele na 28 nyuma, sio 18. Ukifika kipande kibaya kweli toa kidogo, ukitoka rudisha.

Msimu wa mvua, lami na utelezi: usiamini wanaosema toa upepo ili lishike. Kwenye lami yenye maji mifereji ya tairi inahitaji upepo kamili ili ifunguke isukume maji pembeni. Kutoa ni kwa tope la shambani. Na kama tairi ni kipara hakuna namba itakayokusaidia, badilisha.

Unapanda mlimani na kushuka na mzigo kama mimi: kupanda mtupu naweka 22 mbele na 25 nyuma, juu nikishapakia najaza 25 na 34 kwa pampu ya mguu kabla sijawasha, napima kwa geji yangu, naangalia nipeli zimesimama wima, nafunga vifuniko vyake maana vumbi likiingia mle ndani valvu inaanza kuvuja kidogo kidogo, ndio nashuka.